Jinsi ya Kumkopesha Ndugu au Rafiki Pesa

Deni kati ya watu wanaopendana huanza kuharibika siku ileile pesa zinapotoka. Aliyetoa anategemea kulipwa mwisho wa mwezi. Aliyepokea ameelewa atalipa mambo yakikaa sawa. Hakuna aliyedanganya, hawakutaja tarehe tu, kwa kuwa kumtajia ndugu tarehe kulionekana utovu wa adabu. Miezi mitatu baadaye mmoja anajiona amedhulumiwa na mwenzake anajiona anasakamwa, na wote wawili wana sababu. Karibu kila hatua iliyo hapa chini inahusu kuyasema mapema yale ambayo watu huona haya kuyasema, wakati bado kuyasema hakumuumizi mtu.

Hatua ya 1: Jua kikomo chako kabla hujaombwa

Chukua karatasi na uandike pesa zote ulizo nazo leo, za mkononi na za benki. Toa malipo yote yanayokuja ndani ya siku 30 ambayo hayamo katika matumizi yako ya kawaida, kama ada, bima au matengenezo. Toa marejesho ya madeni yako mwenyewe. Kisha toa akiba ya dharura, angalau matumizi ya nyumba yako ya miezi 3. Kinachobaki gawa kwa mbili. Hiyo nusu ndiyo kikomo cha mikopo yako yote iliyo mikononi mwa watu kwa wakati mmoja.

Tuseme una 2,400,000. Malipo yanayokuja ni 350,000, rejesho la deni lako ni 150,000, na nyumba yako hutumia 400,000 kwa mwezi, kwa hiyo akiba ni 1,200,000. Zinabaki 700,000, na kikomo chako ni 350,000. Kama binamu yako bado ana 200,000 zako, unaloweza kumkopesha mtu mwingine ni 150,000 tu. Hesabu ikileta sifuri au chini ya hapo, huna pesa za kukopesha hata kama simu yako inaonyesha salio zuri.

Ukipata jibu, jiulize swali ambalo hesabu haijibu: pesa hizi zisiporudi kabisa, nitaweza kuketi na mtu huyu bila kinyongo? Kama huwezi, punguza kiasi hadi ufike pale unapoweza. Kwa wengi kiasi hicho ni kidogo kuliko walivyodhani.

Ziko pesa ambazo hazikopeshwi hata zikiwa nyingi kiasi gani: pesa za kodi ya nyumba na ada, pesa za kikundi ulizokabidhiwa kutunza, na pesa ambazo wewe mwenyewe umezikopa. Hili la mwisho huwaangusha watu wengi. Ndugu ananyimwa mkopo benki, anakuomba uchukue kwa jina lako naye atakuwa anakupa marejesho. Mwezi atakaokosa, benki haitamtafuta yeye. Ni hivyo hivyo kwa kumdhamini mtu: mdhamini hubebeshwa deni lote lililobaki, na huenda akatafutwa wa kwanza kwa kuwa ndiye mwenye kipato kinachoonekana. Ukitia sahihi ya udhamini, ihesabu ndani ya kikomo chako kana kwamba umeshazitoa pesa hizo.

Kama wewe na mwenzi wako mna mfuko mmoja, mweleze kabla ya kutoa. Mkopo wa siri unaogunduliwa huleta ugomvi wa pili, ambao hauishi hata deni likilipwa.

Hatua ya 2: Hakikisha ni yeye, kisha uliza maswali manne

Ujumbe ukija kuomba pesa za haraka, hasa wenye "usinipigie, nipo kwenye kikao" au namba ya mtu mwingine ya kutumia, piga simu kwa namba uliyoizoea na usikie sauti. Akaunti za watu hutekwa kila siku na jambo la kwanza mwizi analofanya ni kuwaandikia jamaa zao. Hata sauti sasa inaigizwa kwa kompyuta, hivyo kama una shaka, uliza jambo ambalo nyinyi wawili tu mnalijua.

Ukisharidhika kwamba ni yeye, usijibu papo hapo. "Nimekusikia, kaka. Nipe mpaka kesho jioni niangalie hali yangu, nitakujibu" inatosha kwa maombi mengi. Dharura ya kweli ya hospitali haiwezi kusubiri kesho, lakini hiyo huishughulikia kwa njia nyingine utakayoiona katika hatua ya 3.

Maswali yenyewe ni haya: unahitaji kiasi gani kamili? Ni za nini? Utarudisha lini? Zitatoka wapi?

La nne ndilo zito. "Nikipata nitakulipa" si jibu. Jibu ni mshahara wa tarehe 28, malipo ya kazi fulani ambayo mteja ameshaikubali, mauzo ya mavuno ya mwezi fulani, zamu yake ya kupokea katika mchezo wa kupeana. Ukisikia chanzo chenye jina na tarehe, unaweza kupanga. Usiposikia, haimaanishi mtu huyo ni mwongo. Maana yake hana njia ya kulipa kwa sasa, na ukimwita mkopaji unamwandalia aibu ya baadaye.

Uliza pia kama ana madeni mengine. Mtu mwenye mikopo mitatu ya simu atalipa kwanza ile inayomtoza faini kila siku. Wewe usiyetoza kitu utakuwa wa mwisho, na hatafanya hivyo kwa dharau.

Hatua ya 3: Amua ni mkopo au ni kitu kingine

Hapa ndipo uamuzi wenyewe ulipo, na watu huuruka. Mtu akikuomba mkopo una njia tano.

Unaweza kumkopesha kiasi chote. Unaweza kumkopesha sehemu, sema 100,000 kati ya 300,000 anazohitaji, ukamwambia wazi kwamba zilizobaki hazipo. Unaweza kulipa gharama moja kwa moja: ukatuma ada shuleni, ukalipa dawa, ukamnunulia mashine ya kushonea badala ya kumpa bei yake. Njia hii inafaa dharura na inafaa pia kwa mtu ambaye pesa zikipita mkononi mwake hutawanyika kabla hazijafika zilikokusudiwa.

Ya nne ni kumpa. Kama alishindwa kutaja chanzo cha malipo na unampenda, mpe kiasi kidogo unachoweza kukisahau na useme waziwazi: "Hizi 50,000 ni zako, usizirudishe." Ni afadhali kutoa 50,000 kwa mkono mweupe kuliko kukopesha 300,000 ambazo nyinyi wawili mnajua hazirudi. Kosa ni kutoa bila kusema kama ni zawadi au ni deni. Mpokeaji huona zawadi, mtoaji huona deni.

Ya tano ni kukataa. Kataa kwa maneno machache na usitoe sababu ndefu, kwa maana kila sababu inaweza kujibiwa. Ukisema mshahara umechelewa, atasubiri utoke. Sema: "Shangazi, safari hii sitaweza kukukopesha. Naomba unielewe." Kama lipo unaloweza kusaidia bila pesa, litaje: kumsaidia kuandaa maombi ya kazi, kwenda naye kuzungumza na mwenye nyumba apewe muda, kukaa na watoto siku mbili.

Jihadhari na ombi la biashara linalovaa nguo za mkopo. "Niongezee mtaji, tukipata faida tutagawana" ni ushirika, na katika ushirika hasara pia hugawanywa. Chagueni moja kabla pesa hazijatoka. Mkopo hulipwa hata biashara ikifa. Mtaji wa ubia haurudi biashara ikifa. Mkiacha jambo hili hewani, biashara ikistawi wewe utasema ni ubia naye atasema ulikuwa mkopo, na ikianguka mtabadilishana maneno hayohayo.

Hatua ya 4: Pangeni marejesho yanayolipika

Mwombe akuambie kinachombakia kila mwezi baada ya matumizi yake ya lazima. Rejesho lisizidi nusu ya kiasi hicho. Akibakiwa na 120,000, rejesho ni 60,000, na mkopo wa 360,000 utachukua miezi 6. Wakopaji wengi huahidi haraka kupita uwezo kwa sababu wanaogopa kukataliwa, kwa hiyo usifurahie ahadi ya miezi 2 hesabu inaposema 6. Rejesho la kwanza likishindikana, la pili huwa gumu zaidi, maana sasa kuna aibu ndani yake.

Weka tarehe ya kulipa siku 1 au 2 baada ya siku yake ya kipato, kabla pesa hazijaingia kwenye mambo mengine. Kwa mkulima au mtu wa kazi za msimu, marejesho ya kila mwezi hayana maana. Mpangie malipo mawili makubwa baada ya mauzo, na ongeza wiki 3 au 4 juu ya tarehe anayoitaja, kwani wanunuzi nao huchelewa kulipa.

Kuhusu riba, ushauri wetu ni kuiacha. Kwa Waislamu hairuhusiwi kabisa. Katika nchi nyingi pia, kukopesha watu kwa riba kama kazi huhitaji leseni, na riba unayopata huweza kutozwa kodi. Zaidi ya hayo, watu wengi hawajui ukali wa riba wanayoitaja. Ukimtoza mtu "asilimia 10 kwa mwezi" juu ya 600,000 kwa miezi 6, ukiipiga kwenye kiasi cha mwanzo, atarudisha 960,000. Kwa kuwa deni linapungua kila mwezi huku riba ikibaki palepale, gharama halisi inazidi asilimia 15 kwa mwezi. Huo si msaada tena. Hata hivyo jua unachokipoteza: bei zikipanda asilimia 6 kwa mwaka, 1,000,000 zinazorudi baada ya miaka 2 zitanunua kile ambacho 890,000 zilinunua siku ulipozitoa. Ndiyo maana mikopo isiyo na riba inapaswa kuwa mifupi, ikiwezekana isizidi mwaka mmoja.

Hatua ya 5: Andikeni

Mali bila daftari hupotea bila habari. Watu huona haya hapa kuliko mahali popote, wakihofia kuulizwa, "Ina maana huniamini?" Jibu la kweli ni kwamba maandishi yanamlinda yeye pia: yanazuia wewe kusahau alicholipa, na yanazuia warithi wako kumdai mara mbili. Anayeshika dini ya Kiislamu anajua kwamba aya ya 282 ya Surat al-Baqara inaamuru deni la muda maalumu liandikwe, na mashahidi wawepo. Unaweza kusema kwa upole: "Mdogo wangu, mimi huandika kwa kila mtu, hata kwa mama. Tuandike tusahau."

Karatasi moja yatosha. Iandikwe hivi:

"Mimi ______, mwenye kitambulisho namba ______, nimekopeshwa na ______, mwenye kitambulisho namba ______, kiasi cha 360,000 (laki tatu na elfu sitini) leo tarehe ______. Pesa hizi ni mkopo, si zawadi, na hazina riba. Nitalipa 60,000 kila tarehe 30 kuanzia tarehe ______ hadi tarehe ______, kwa kutuma kwenye akaunti namba ______. Nikiona sitaweza kulipa tarehe yoyote, nitatoa taarifa angalau siku 3 kabla. Mmoja wetu akifariki, deni lililobaki litalipwa kutoka katika mali ya mdaiwa, au litalipwa kwa warithi wa mdai."

Chini yake sahihi mbili, tarehe, na shahidi mmoja au wawili wenye majina kamili. Shahidi asiwe mume au mke wa yeyote kati yenu. Andika kiasi kwa tarakimu na kwa maneno, maana sifuri moja huongezwa kwa kalamu kirahisi. Tengenezeni nakala mbili, kila mmoja abaki na yake, na zipigeni picha siku hiyohiyo. Mwezi wa pili ukikosa tarehe 30, andikeni "siku ya mwisho ya mwezi".

Neno "si zawadi" lisikosekane. Pesa zinazopita kati ya mzazi na mtoto au ndugu na ndugu huweza kuonekana kirahisi kuwa ni zawadi zikifika mbele ya hakimu, na kazi ya kuthibitisha kwamba ulikopesha ni yako.

Kwa kiasi kidogo karatasi ni nzito mno. Ujumbe wa simu watosha, ilimradi yeye ajibu: "Rafiki, nimekutumia 40,000 za mkopo, utarudisha tarehe 5 mwezi ujao. Nithibitishie." Ujumbe usiojibiwa una nguvu ndogo.

Mkitaka dhamana, iwe mali yenye hati na inayolingana na deni, na iandikwe katika makubaliano. Kamwe usishike kitambulisho cha mtu, wala kadi yake ya benki na namba ya siri. Kufanya hivyo kunaweza kuwa kosa kisheria, na pesa zikipotea katika akaunti hiyo utakuwa mshukiwa wa kwanza.

Hatua ya 6: Toa pesa kwa njia inayoacha alama

Tuma kwa benki au kwa simu, kwenda akaunti yenye jina la mkopaji mwenyewe. Sehemu ya maelezo andika "mkopo" na tarehe. Akikuomba utume kwa mtu mwingine, pata ombi hilo kwa maandishi kwanza. Kama ni lazima zitolewe taslimu, zihesabiwe mbele ya shahidi na mkopaji aandike "nimepokea" kwenye karatasi yenu. Toa pesa baada ya sahihi. Ukitoa kabla, kusaini kunageuka jambo la "tutafanya wiki ijayo".

Hatua ya 7: Weka kumbukumbu na ukumbushe mapema

Daftari au jedwali lenye safu nne: tarehe, kilicholipwa, njia ya malipo, salio. Kila malipo yanapoingia, mtumie salio: "Nimepokea 60,000, ahsante sana. Imebaki 240,000." Sentensi hiyo huzuia ubishi mwingi kuliko mkataba wenyewe, na shukrani iliyomo humpa mlipaji moyo.

Kumbusha siku 3 kabla ya tarehe, usingoje ipite. Kabla ya tarehe ni taarifa. Baada ya tarehe ni dai, hata ukitumia maneno yaleyale. Mkumbushe yeye peke yake. Usipitie kwa mama yake, usiandike kwenye kundi la familia, na usiseme kwa mafumbo kwenye sherehe.

Hatua ya 8: Akichelewa

Siku moja au mbili ni za kuvumilia. Siku ya 3 andika: "Habari za nyumbani? Rejesho la tarehe 30 sijaliona. Kuna shida yoyote?" Lazima uulize shida, kwa kuwa kuna aina mbili za wachelewaji na kila aina ina dawa yake.

Wa kwanza amekwama kweli: kazi imesimama, mtoto amelazwa. Huyu mpunguzie. Rejesho la 60,000 lishuke hadi 20,000 kwa miezi 3, au lisimame kabisa kwa miezi 2, kisha tarehe zisogezwe. Andikeni mpango mpya chini ya ule wa zamani na msaini tena. Usikubali tu "nivumilie kidogo", maana kidogo haina tarehe. Afadhali alipe 5,000 kila mwezi kuliko asilipe kitu, kwa sababu anayelipa hata kidogo hakukimbii. Anaweza pia kulipa kwa kazi au kitu, akapaka nyumba rangi au akashona nguo, lakini kubalianeni thamani yake kabla kazi haijaanza. Mkikadiria baada ya kazi, kila mmoja ataona amepunjwa.

Wa pili anazo ila hapendi kulipa. Utamjua kwa kutokupokea simu, kwa ahadi zisizo na tarehe, na kwa hasira unapomkumbusha. Kukopa harusi, kulipa matanga. Siku ya 14 piga simu au nenda ana kwa ana, bila kelele, ukiwa na karatasi yenu. Mwambie kiasi kilichobaki na tarehe mpya moja. Ikipita, mwite mtu mmoja ambaye nyote mnamheshimu, ikiwezekana yule shahidi, awasuluhishe. Ikishindikana, mwandikie barua ya madai: kiasi, tarehe ya mkopo, alicholipa, salio, na siku 14 za kulipa. Baada ya hapo ni mahakama. Nchi nyingi zina utaratibu mwepesi wa madai madogo ambao hauhitaji wakili. Pima kwanza kama kiasi kinastahili usumbufu huo.

Muda nao unahesabika. Sheria huweka ukomo wa kudai, na Uingereza, kwa mfano, mkataba wa kawaida una miaka 6. Mdaiwa akilipa sehemu au akikiri deni kwa maandishi kabla ukomo haujafika, mara nyingi hesabu huanza upya. Hiyo ni sababu nyingine ya kuthamini yale malipo madogo na ujumbe wa salio.

Usichukue mali yake kwa nguvu wala usimtangaze mtandaoni kwa picha. Hapo sheria inaweza kukugeukia wewe, na deni lako litabaki vilevile.

Na kosa kubwa kuliko yote katika hatua hii: kumwongezea mkopo mwingine ili "ainuke aweze kukulipa". Kabla ya kuongeza hata kidogo, la kwanza liwe limekwisha. Akihitaji chakula, mpe chakula.

Hatua ya 9: Funga deni

Likilipwa lote, andika kwenye nakala zote mbili "limelipwa lote", tarehe, na sahihi zenu. Kama alitoa dhamana, irudishe siku hiyohiyo.

Ukiamua kusamehe, samehe kwa maneno kamili na kwa maandishi: "Zile 140,000 zilizobaki nimekusamehe, usinirudishie." Kunyamaza si kusamehe. Mdaiwa asiyejua kama bado anadaiwa ataendelea kukukwepa barabarani, na utampoteza pamoja na pesa. Unaweza kusamehe sehemu na kubakiza sehemu. Ukishasamehe, usilitaje tena hata mkigombana kwa jambo jingine.

Mdaiwa akifariki, peleka nakala yako kwa msimamizi wa mirathi mapema, kwa utulivu, baada ya mazishi. Kwa kawaida madeni hulipwa kabla ya urithi kugawanywa, na mgawanyo ukishafanyika ni vigumu kurudi nyuma. Wewe nawe mwonyeshe mtu mmoja unayemwamini daftari lako lilipo, lenye unaowadai na wanaokudai.